Nyuki Walinzi wa Shamba

Nchi Jirani: Kenya

Safari hii ukurasa wetu wa Nchi Jirani unavuka mpaka mpaka Taita Taveta, nchini Kenya. Si mbali na sisi. Hifadhi yetu ya Mkomazi inapakana na mbuga ya Tsavo Magharibi, na tembo wenyewe hawaujui mpaka. Leo wako kwetu, kesho wako kwao. Hata kazi za watu zinafanana. Upande wa Voi na Mwatate kuna mashamba ya mkonge kama yale ya Korogwe na Muheza. Mfanyakazi wa huko, sawasawa na wa huku, akitoka kazini hushika jembe na kwenda kwenye kishamba chake, kwa sababu mshahara peke yake hautoshi kulisha nyumba.

Tunataka kueleza habari za wakulima wa Sagalla. Watu hawa wamepata njia ya kuzuia tembo wasile mazao yao, bila kuwaua na bila kuwafukuza katika nchi. Walinzi wao ni nyuki. Mtu akisikia mara ya kwanza hucheka. Nasi tulicheka. Lakini tulipofuatilia habari hii kwa makini tuliona ina mafunzo mengi kwa sisi tunaolima na kwa sisi tulio katika vyama vya wafanyakazi.

Usiku mmoja tu

Asiyewahi kulala shambani hawezi kujua uzito wa jambo hili. Baadhi yetu tulikulia kwenye dungu. Mchana tuliamia ndege na nyani, usiku tulilinda nguruwe. Tulipiga madebe, tukawasha moto, tukaimba ili usingizi usituchukue. Asubuhi tulikwenda shule macho mekundu, mwalimu akauliza hesabu, nasi tumelala juu ya dawati. Wengine hatukuipita shule ya msingi, na dungu lina sehemu yake katika jambo hilo.

Sasa, nguruwe ni nguruwe. Tembo ni jambo jingine. Tembo dume mkubwa anaweza kula kilo 150 za majani na mazao kwa siku moja, na hatembei akiangalia anapokanyaga. Familia moja ya tembo ikiingia katika eka ya mahindi yaliyokomaa, kabla ya jogoo kuwika kazi ya msimu mzima imekwisha. Debe halimtishi sana. Uzio wa miiba anaupita. Na mtu anayemwendea kwa kijinga cha moto gizani anaweza asirudi nyumbani.

Tuliwahi kufanya kazi ya chama katika shamba moja ambalo hatutalitaja jina. Wafanyakazi walikuwa wamepewa vipande vya kulima pembeni, karibu na pori. Wanyama waliingia, mahindi yakaisha. Uongozi wa shamba ukasema, hayo si mahindi ya kampuni. Waliobaki na mazao kidogo wakaamua kulinda kila usiku. Mwenzetu mmoja alilinda usiku wa tatu mfululizo, kisha akaenda zamu yake ya asubuhi kwenye korona. Alisinzia amesimama. Aliyekuwa karibu naye ndiye aliyemvuta, mkono ukapona. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba habari za wanyama na mashamba si habari za chama. Mfanyakazi aliyekesha shambani ndiye huyo huyo anayesimama mbele ya mashine.

Sagalla na mbuga ya Tsavo

Sagalla ni mlima ulio kusini ya mji wa Voi. Wenyeji wake ni Wasagalla, na vijiji vya chini ya mlima vinapakana na mbuga ya Tsavo Mashariki. Upande wa pili wa nchi yao iko Tsavo Magharibi. Maana yake ni kwamba vijiji viko katikati, na tembo wanapohama kutoka mbuga moja kwenda nyingine hupita mashambani mwa watu.

Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948. Tembo wake wamepata misukosuko mingi. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 uliua maelfu. Baada ya hapo walikuja majangili wa pembe, wakaua maelfu mengine, mpaka mwaka 1989 serikali ya Kenya ikachoma hadharani tani 12 za pembe ili kuionyesha dunia kwamba biashara hiyo haifai. Tangu wakati ule tembo wameongezeka. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilikuta tembo 36,280 katika Kenya nzima, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa katika nchi ya Tsavo.

Hii ni habari njema kwa taifa. Lakini mkulima wa Sagalla yeye anaihesabu kwa namna yake. Tembo wameongezeka, watu nao wameongezeka, na nchi ni ile ile. Mvua ni chache. Mvua kubwa ya kutegemewa ni ile ya Novemba na Desemba. Ndipo mahindi, kunde na pojo zinapokua, na ndipo tembo wanapokuja. Mtu akipoteza msimu huo, anasubiri mwaka.

Serikali ya Kenya ilitunga sheria ya wanyamapori mwaka 2013. Sheria hiyo iliweka fidia ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama. Ni fedha nyingi kwenye karatasi. Lakini fidia huja baada ya msiba, na huchukua muda mrefu. Mkulima hataki fidia ya mwanawe. Anataka mwanawe arudi nyumbani na mahindi yabaki shambani.

Maneno ya warina asali

Elimu hii haikuanzia chuo kikuu. Warina asali na wafugaji wa Kenya walikuwa wakisema kwamba tembo anaogopa nyuki. Walikuwa wameona kwamba mti wenye nyuki tembo hauvunji. Wataalamu wawili, Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton, waliyachukua maneno hayo wakayachunguza. Huyu wa pili ndiye aliyechunguza tembo wa Manyara, hapa kwetu Tanzania, katika miaka ya 1960. Mwaka 2002 walitoa habari kwamba ni kweli, tembo huiacha miti iliyotundikwa mizinga yenye nyuki.

Baadaye mtaalamu mwanamke, Lucy King, aliendelea na kazi hiyo. Alirekodi sauti ya nyuki waliokasirika, akaificha spika karibu na tembo waliopumzika chini ya miti huko Samburu. Mwaka 2007 alitoa matokeo. Familia 17 za tembo zilisikilizishwa sauti ya nyuki, na familia 16 ziliondoka kabla sekunde 80 hazijapita. Waliposikilizishwa sauti nyingine isiyo ya nyuki, wengi walibaki pale pale. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba tembo wakisikia nyuki hutoa mngurumo wa kuwaonya wenzao.

Kwa nini mnyama mkubwa namna hii aogope mdudu? Ngozi yake ni nene, lakini si kila mahali. Nyuki humchoma kwenye macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga. Ndani ya mkonga hana la kufanya. Tembo ana kumbukumbu ndefu, na mama tembo akikimbia, watoto wake hujifunza kukimbia.

Uzio unavyojengwa

Sasa tueleze kazi yenyewe, kwa sababu msomaji wetu ni mtu wa kazi na atataka kujua.

Mkulima hachimbi msingi wala hajengi ukuta. Anasimamisha nguzo kuzunguka shamba. Katikati ya nguzo na nguzo ananing'iniza mzinga, kiasi cha kifua cha mtu, ukiwa na kivuli juu yake. Kutoka mzinga mmoja hadi mwingine ni meta 10. Si lazima mizinga yote iwe ya kweli. Mmoja ni wa kweli, unaofuata ni kipande cha ubao tu chenye umbo la mzinga. Tembo gizani hajui upi una nyuki na upi ni bandia. Eka moja ya mraba ina mzunguko wa meta 250 na zaidi kidogo, kwa hiyo mizinga 12 ya kweli na mbao 12 zinatosha.

Siri ya uzio huu ni waya. Mizinga yote imeunganishwa kwa waya mmoja baada ya mwingine. Tembo akija, huona nafasi ya kupita kati ya mzinga na mzinga. Akisukuma kwa kifua, waya unavutika, na mizinga ya kushoto na kulia inayumba. Nyuki wanatoka. Hata kama mzinga ulio karibu naye ni bandia, wa pili yake ni wa kweli.

Nyuki hawanunuliwi. Mkulima hutundika mizinga mitupu, akaipaka nta ndani, akangoja makundi ya nyuki wa porini yaingie yenyewe. Kwa hiyo uzio huu unategemea pori lililo hai. Nyuki wanataka maua na maji. Pale ambapo miti yote imekatwa kwa ajili ya mkaa, mizinga hubaki mitupu. Ndivyo mkulima anavyojikuta akilinda miti ya maua, akipanda alizeti, na kuwawekea nyuki maji wakati wa kiangazi. Nyuki nao wanapotembelea maua ya alizeti na kunde humsaidia kupata mbegu nyingi zaidi.

Tusiseme kwamba ni kazi rahisi. Mchwa hula nguzo. Sisimizi huingia mizingani, ndiyo maana waya unapakwa grisi. Nyegere huja usiku kuvunja mizinga na kula asali. Na nyuki wa kwetu si kuku wa kufugwa mlangoni. Wanaweza kumwua mbuzi, hata mtu. Mizinga huwekwa mbali na nyumba na njia za watoto, na asali hurinwa jioni kwa moshi na mavazi ya kujikinga.

Uzio umezuia tembo wangapi?

Jaribio la kwanza kubwa lilifanyika kwa Waturkana wakulima wa kaskazini ya Kenya, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2011. Mashamba 17 yaliwekewa uzio wa nyuki, na mashamba 17 ya majirani yakabaki na uzio wa miiba. Kwa misimu mitatu, ni tembo dume mmoja tu aliyeuvunja uzio wa nyuki akaingia. Wengine waliutembea kando kando mpaka walipopata njia ya kwenda kwa jirani mwenye miiba.

Huko Sagalla kazi ilifuatiliwa kwa miaka 9 katika mashamba 26 ya vijiji vya Mwambiti na Mwakoma, na matokeo yalitolewa mwaka 2024. Tembo 3,999 walihesabiwa wakikaribia mashamba hayo. Katika misimu ya mazao kati ya mwaka 2014 na 2020, uzio ulizuia wastani wa tembo watatu katika kila wanne. Msimu uliokuwa mzuri kuliko yote ulizuia asilimia 86.

Asali nayo ilipatikana. Ilifika tani moja, yenye thamani ya dola 2,250 za Kimarekani. Hapa tunapenda kusema wazi, kwa sababu kuna watu wanaopita vijijini wakiahidi utajiri wa asali. Ukizigawa fedha hizo kwa mashamba 26, kila shamba halipati hata dola 90 kwa muda wote. Hiyo ni chumvi, sabuni na daftari za watoto. Faida kubwa ya nyuki ni gunia la mahindi lililobaki ghalani na baba aliyelala nyumbani kwake.

Tena ukame ulipokuja mwaka 2017, nyuki walihama. Mizinga yenye nyuki ilipungua kwa asilimia 75, na ilichukua miaka mitatu mingine asali kurudi. Uzio wa nyuki unataka mvua kama shamba lenyewe linavyotaka mvua. Kwa sababu hiyo wakulima wa Taita hawategemei dawa moja. Wengine wametundika vipande vya mabati kwenye waya, vinavyolia na kumeremeta. Wengine wamepanda mazao ambayo tembo hayapendi sana, kama alizeti na ufuta, karibu na upande wa pori.

Hata kwetu Tanzania uzio wa nyuki umekwisha kujaribiwa, kando ya Hifadhi ya Udzungwa. Kwa hiyo si jambo la kigeni.

Mafunzo kwa sisi

La kwanza ni mshikamano. Tumeona kwamba tembo akizuiwa kwa mmoja huhamia kwa jirani. Mkulima mmoja akijizungushia mizinga peke yake, amemsukumia mwenzake hasara. Lazima watu wakae, wakubaliane mstari wa uzio upite wapi, nani ataukagua siku gani, na asali ya pamoja itauzwaje. Sisi wa chama tunalijua jambo hili. Mwajiri akizuiwa katika idara moja, huhamia katika idara isiyo na chama. Mwanya mmoja unatosha.

La pili ni gharama. Mizinga, waya na nguzo vina bei, na mkulima wa jembe la mkono haziwezi peke yake. Mizinga mingi ya Sagalla ilitokana na misaada kupitia shirika la Save the Elephants. Tunawashukuru waliotoa. Lakini msaada una mwisho wake. Tembo ni mali ya taifa, watalii huja kumwangalia na fedha za kigeni huingia. Si haki taifa zima likafaidi tembo, na gharama ya kumlisha ikabebwa na mwenye eka mbili. Mkulima anayemwacha tembo aishi amefanya kazi kwa niaba ya nchi, na kazi ina malipo yake. Hapa kwetu, kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Mwanachama aliyeliwa shamba lake asikae kimya. Apeleke taarifa mapema ofisi ya kijiji na kwa maofisa wa wanyamapori, nasi matawini tumsaidie kuandika barua na kuifuatilia.

La tatu linatuhusu sisi wa mashamba makubwa moja kwa moja. Dawa nyingi za kuua wadudu huua nyuki pia. Ikipigwa mchana wakati maua yamefunguka, kundi zima linaweza kufa, na mizinga ya jirani ikabaki mitupu. Aliyebeba bomba mgongoni naye anaivuta dawa ile ile. Tunapodai barakoa, glavu na buti, tudai pia dawa ipigwe jioni nyuki wakiwa wamerudi, na majirani wapewe taarifa kabla. Dai hili linamlinda mpiga dawa, linamlinda mkulima wa nje ya uzio wa kampuni, na halimgharimu mwajiri fedha nyingi. Ni vigumu kulikataa.

La nne ni heshima kwa ujuzi wa watu. Warina asali walilijua jambo hili kabla ya wataalamu. Wataalamu wazuri ni wale waliowasikiliza, wakapima, wakarudisha majibu kijijini. Nasi kiwandani ni hivyo hivyo. Mtu aliyesimama miaka 20 kwenye mashine anajua inapougua. Aulizwe.

Tunafunga

Wakulima wa Sagalla hawakumpenda tembo ghafla, na hakuna anayewadai wampende. Ni mnyama anayeweza kuua. Walichofanya ni kukataa kuchagua kati ya mambo mawili mabaya, yaani kufa njaa au kumwekea mnyama sumu. Walitafuta njia ya tatu, na waliipata kwa kuwatazama viumbe walio nao porini.

Tembo watatu kati ya wanne wamerudi walikotoka. Huyo wa nne bado anaingia, na kazi ya kumzuia inaendelea. Yeyote katika matawi yetu aliye na mizinga, au aliye na shamba kando ya pori na angependa kujaribu, aseme katika mkutano wa tawi. Mzinga mmoja haufanyi uzio, lakini watu 12 wenye mzinga mmoja mmoja wanaweza kuizunguka eka nzima.

Umoja ni nguvu.